Amonia Itokayo kwa Jua, Maji na Hewa

Ukiingia zizini alfajiri, kabla samadi haijatolewa, utasikia harufu kali inayochoma macho. Hiyo ni amonia, nayo ndiyo mama wa mbolea ya CAN unayonunua dukani. Viwanda vingi huitengeneza kwa gesi ichimbwayo ardhini, na bei ya gesi ikipanda ng'ambo, mfuko wako huumia. Bila shaka wakumbuka mwaka 2022, gunia la kilo 50 lilipopita shilingi 6,000.

Kuna njia nyingine. Umeme wa jua au wa upepo hupitishwa katika maji safi, nayo hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Naitrojeni hutolewa katika hewa tunayovuta. Kisha haidrojeni na naitrojeni hushindiliwa pamoja penye joto kali na chuma maalum, zikawa amonia. Huitwa amonia ya kijani, ingawa haina rangi yoyote! Wala si jambo la jana: huko Rjukan, Norwe, walitumia umeme wa maporomoko ya maji kwa kazi hii tangu mwaka 1929. Kwetu, mtambo mdogo wa umeme wa jua uliwekwa katika shamba la Kenya Nut karibu na Naivasha mwaka 2023.

Fanya hesabu. Tani moja ya amonia ina naitrojeni kilo 820 hivi. Gunia la CAN lina kilo 13. Basi tani hiyo ni sawa na magunia 63.

Amonia pia ni ghala ya nguvu za jua. Haidrojeni haiwi maji mpaka ipozwe digrii 253 chini ya sifuri; amonia yatosha digrii 33, au kushindiliwa tu katika tangi imara. Baadaye yaweza kuchomwa katika injini bila kutoa moshi wa kaboni. Lakini ukiirudisha kuwa umeme, zaidi ya nusu ya nguvu hupotea njiani, kwa hiyo mimi naona kazi yake ya kwanza kwetu ni mbolea.

Usikaribie tangi lake bila ruhusa. Amonia hutafuta maji, nayo huyapata machoni na mapafuni mwako. Ukiona ukungu mweupe ukitambaa chini, kimbia kukabili upepo, kwa upande, usipite ndani yake. Ikikuingia machoni, yaoshe kwa maji safi mengi dakika 15, bila kuyasugua, kisha uende hospitali.