Fundi wangu ameniangusha, sasa nimwige nani?

Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Tanga. Huu ni mwaka wa tatu najifunza useremala kwa mzee mmoja hapa mtaani. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, kwa hiyo fundi huyu ndiye aliyenifunza kushika randa, kuamka alfajiri, na kumsalimia mteja kabla ya kumtajia bei. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba nataka niwe kama yeye.

Mwezi uliopita mama mmoja alilipia mlango wa mninga. Fundi akatengeneza fremu ya mninga, lakini paneli zote akatia paini. Akanipa rangi ya mbao nipake mpaka zifanane, kisha vanishi. Yule mama alipokuja kuuchukua alishukuru sana, akatuachia na hela ya soda. Nilishindwa kumtazama usoni. Wiki ya pili sasa sijaenda kazini, nimesema naumwa. Jana fundi amemtuma dogo anayefagia maranda aje kunijulia hali. Kaja na machungwa.

Shangazi, mtu mwenye sifa kamili yupo? Kama hayupo, sisi vijana tumwige nani?

Kijana wa Randa, Tanga

*

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye machungwa. Aliyemtilia yule mama paini ndiye huyo huyo aliyetoa pesa mfukoni akanunua matunda kwa ajili ya kijana anayedhani ni mgonjwa. Nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi. Angekuwa mtu mbaya tupu, ungeshamsahau ukatafuta kazi kwingine.

Mtu mwenye sifa kamili yupo vitabuni. Mtu wa kwenu Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alimwumba mmoja akampa na jina lenyewe: Utubora. Katika Utubora Mkulima mtu huyo anaacha kazi ya ofisini mjini anakwenda kulima. Nilikisoma kitabu hicho nikiwa na umri kama wako, na mpaka leo nakipenda, kwa kuwa kijana anahitaji kuona hata mara moja wema usio na doa unafananaje. Ila Utubora hawezi kusimama nyuma yako akakwambia patasi umeishika vibaya.

Tuje kwa watu wenye damu na nyama. Bila shaka umesimuliwa habari za mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, alianguka akaumia goti. Wakamfunga bendeji, akaendelea, mara anakimbia, mara anachechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3 na dakika 25, giza limeshaingia na watazamaji wengi wameshaondoka. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Tunawalea watoto wetu kwa kisa hicho, na tunafanya vyema.

Lakini tazama tunachokijua hasa. Tunazijua zile saa 3 na dakika 25, na ndani yake tumechukua jambo moja tu, kumaliza ulichotumwa. Hatukumfuata nyumbani kwake kuangalia siku ya pili yake alikuwaje, wala hatuna haja. Mtu wa mbali ni rahisi kumweka juu, kwa sababu hatumwoni siku zake za kawaida. Fundi wako umemwona miaka mitatu, alfajiri hadi jioni, akiwa na pesa na akiwa na madeni, ameshiba na ana njaa. Mwanangu, sijui binadamu anayeweza kutazamwa hivyo miaka mitatu asikutwe na kosa.

Nina sababu ya kukuambia haya. Nilipokuwa binti, mama yangu mdogo ndiye aliyekuwa kioo changu. Alikuwa mweka hazina wa upatu wa akina mama, mtu wa kuaminiwa mtaa mzima. Siku moja nikajua kwamba aligusa zamu ya mwenzake, akaja kuirudisha kimyakimya baada ya miezi miwili. Nikajitenga naye. Salamu nikampa za juujuu tu, miaka na miaka. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: wakigombana watu mbele yake, hasemi neno mpaka wachoke, halafu anauliza swali moja, ugomvi umekwisha. Nilitaka kujifunza lile. Alifariki sijajifunza, na katika kazi hii ya kupokea barua zenu nakikosa kila siku.

Kwa hiyo usitafute mtu wa kumwiga mzimamzima. Angalia mtu anafanya nini vizuri, kisha ujifunze hicho mpaka kikae mkononi. Kuamka alfajiri ni kwako sasa. Kumsalimia mteja kabla ya bei ni kwako. Paini yake haiyageuzi mambo hayo kuwa uongo.

Kama unataka mfano wa mtu mkubwa aliyekosea, mchukue Mwalimu Nyerere. Serikali yake ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972, na mwaka 1976 ikavunja vyama vya ushirika. Baadaye alikiri waziwazi kwamba mambo hayo mawili, kama angeanza upya, asingeyafanya. Aliyataja kwa majina. Hakusema tu kwamba kila binadamu hukosea, maneno ambayo sote tunayaweza. Katika sifa zote za mtu bora, mimi hii naiweka mbele: kulitaja kosa lako kwa jina lake.

Na hapo ndipo nataka tuongee, wewe na mimi. Kuna mahali katika barua yako umepita haraka. Umesema, "akanipa rangi ya mbao nipake". Mkono uliopaka ni wako. Na hela ya soda mmepewa wote. Najua mwanafunzi kumkatalia fundi wake si jambo dogo, hasa fundi aliyekulea, kwa hiyo sikuhukumu. Lakini yule dogo anayefagia maranda alikuwepo siku ile. Amemwona fundi, amekuona na wewe, na jana amekukuta nyumbani mzima wa afya ukisema unaumwa.

Rudi kazini. Nenda alfajiri, kabla mteja hajafika na dogo hajafungua, uwe na fundi peke yenu. Mwamkie kama ulivyozoea. Mwambie hukuwa unaumwa. Usianze na "umemdanganya yule mama", kwa sababu atajitetea na mazungumzo yatafungwa hapo. Anza na lako: "Fundi, ile rangi niliipaka mimi, na roho inaniuma." Kisha nyamaza. Mpe nafasi. Huenda hela ya mbao iliishia hospitali au kwenye karo, huenda ni tamaa tu. Utajua kwa kumsikiliza.

Kisha mwombe mlango urekebishwe. Paneli zibadilishwe, au mama arudishiwe tofauti ya bei na aambiwe sababu. Jitolee kufanya kazi hiyo bila ujira. Na mkumbushe, ingawa analijua kuliko wewe, kwamba paini isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa, na unyevu wa Tanga mnaujua. Yule mama atakuja kugundua, na atagundua vibaya.

Akikataa, ngoja wiki moja. Halafu mchukue mjomba au mzee mwingine wa kwenu, mwende kumuaga fundi kwa heshima, na mumjulishe kwamba mnakwenda kwa yule mama. Najua unayemzungumzia ni kama baba yako, na kazi yenyewe ndiyo tegemeo lako. Nimelipima hilo. Bado mlango ni wa yule mama, na pesa zilikuwa zake.

Lakini mimi nina matumaini na fundi wako, nakwambia kweli, kwa ajili ya yale machungwa. Kama bado yapo, yafunge kwenye mfuko uende nayo Jumatatu, mle na dogo wakati wa mapumziko. Yeye naye mwambie hukuwa unaumwa.

Halafu niandikie, nataka kujua habari za ule mlango.