Kuelea Kabla ya Kuogelea: Mtoto na Elimu ya Maji

Katika pwani ya Tanzania na visiwani, na vilevile kandokando ya Ziwa Viktoria, maji ni sehemu ya maisha ya kila siku. Humo hupatikana samaki na mwani, na juu yake hupita vyombo vya kusafiria. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mtoto, hasa wa kike, aliyezaliwa hatua chache kutoka ufukoni naye hajui kuogelea. Mara nyingi fundisho pekee analopewa ni onyo la kutokaribia maji. Onyo hilo hutolewa kwa mapenzi, lakini halimfai kitu siku atakapoteleza kutoka mtumbwini.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 ulimwenguni walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vifo zaidi ya tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Kwa nini mwili huelea

Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alieleza kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyopishwa na kitu hicho. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, ina uzito wa gramu 1,025 hivi.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye uzito wa kilo 30. Akivuta pumzi na kuyajaza mapafu, tuseme ujazo wa mwili wake huwa lita 30.6. Ziwani, mwili huo unahitaji kupisha lita 30 tu ili ubebwe. Kwa hiyo sehemu yenye ujazo wa lita 0.6 hubaki juu ya maji. Baharini hupisha lita 29.3, na lita 1.3 hubaki juu. Ndiyo maana bahari humbeba mtu kwa urahisi kuliko ziwa au mto. Lakini mtoto huyo akitoa nje lita moja ya hewa, ujazo wake hushuka hadi lita 29.6, naye ziwani ataanza kuzama.

Wahenga walisema kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Hesabu hiyo inaonyesha hatari iliyomo katika kutapatapa. Mikono miwili ni kama sehemu moja katika kumi ya uzito wa mwili, yaani kilo tatu kwa mtoto wa mfano wetu. Akiiinua juu ya maji ili kuomba msaada, kilo hizo tatu hukosa kubebwa na maji, wakati akiba yake ya kuelea ziwani ilikuwa kilo 0.6 tu. Matokeo yake ni kwamba kichwa huzama. Tena mtu aliyepigwa na hofu hupumua kwa haraka na kwa mafupi, akapaza sauti na kuitoa ile hewa iliyokuwa boya lake. Baadaye hata sauti humtoka kwa shida. Kwa hiyo watu wengi hufa maji kimyakimya, jirani kabisa na wenzao.

Kinyume chake, mtoto anayelala chali, masikio yakiwa ndani ya maji, mapafu yamejaa na mikono imenyooshwa majini, huweka akiba hiyo mahali inapofaa, yaani puani na kinywani.

Mpango wa mafunzo

Kutokana na maelezo hayo, somo la kwanza ni kuelea. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kuwafundisha watoto wa umri wa kwenda shule, yaani waliozidi miaka sita. Mafunzo yafanyike mahali tulivu ambapo maji hayampiti mtoto kifua, na mkufunzi awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Hatua ya kwanza ni michezo: kupuliza mapovu, kuzamisha uso, kufungua macho na kuokota kome au kokoto chini. Michezo hii isidharauliwe. Mtoto aliyezoea kucheka huku maji yakimmwagikia usoni hatashtuka yatakapomfika ghafla. Hatua ya pili ni kuelea chali, kwanza akishikwa kichwa na mgongo, kisha akiachwa polepole. Hatua ya tatu ni kuteleza juu ya maji mwili ukiwa umenyooka, kisha kupiga miguu. Mitindo ya mikono huja mwisho.

Vifaa vyake ni vya kawaida. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri huweza kubeba zaidi ya kilo 18 majini. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea kwa madumu ya aina hiyo, nao wakiwa katika mavazi ya stara. Dumu hilo hilo ni chombo cha uokoaji: mtoto afundishwe kumrushia mwenziwe dumu, kamba au ufito, na kuita watu wazima, badala ya kujitosa.

Je, mtoto aliyefundishwa hatakuwa jasiri kupita kiasi akaangamia? Swali hilo lilipimwa katika vijiji vya Bangladesh kati ya mwaka 2006 na 2010. Watoto walifundishwa katika mabwawa ya vijijini, juu ya majukwaa ya mianzi. Vifo vya maji miongoni mwao vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko miongoni mwa wasiofundishwa.

Kuyajua maji ya mahali

Ustadi wa mwili hautoshi bila kujua tabia za maji. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti huweza kuzidi mita tatu. Fungu ambalo mtoto amelifikia kwa miguu huweza kumpita kimo saa chache baadaye. Akichukuliwa na mkondo unaokwenda nje, asishindane nao. Aelee, kisha aogelee kuufuata ufuko mpaka atoke katika mkondo.

Ziwani na mitoni kuna mamba na viboko. Kwa hiyo wenyeji waulizwe kwanza. Kuna pia kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi. Sehemu zenye magugu na maji yaliyotuama ziepukwe, na watoto wa maeneo hayo wapewe dawa katika mipango ya shule. Baharini hakuna kichocho.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuanza hata pasipo ufuko. Wanafunzi watie yai bichi katika glasi ya maji, litazama. Waongeze chumvi kijiko baada ya kijiko, wakikoroga, mpaka yai liinuke. Kisha wachukue chupa mbili zenye vizibo, moja tupu na nyingine iliyojaa mchanga, waziweke katika ndoo ya maji na kueleza kwa nini moja huelea na nyingine huzama.

Mtoto aliyeelewa majaribio hayo, kisha akajifunza kulala chali juu ya maji, ataweza kumtazama kiti cha pweza na samaki wa miambani kwa furaha. Na akiteleza siku moja kutoka mtumbwini, atajua kwamba jambo la kwanza la kufanya ni kulala chali na kupumua.