Madoa ya Meno: Maji, Magadi na Malezi ya Mtoto

Katika vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru na Mlima Kilimanjaro, meno ya rangi ya kahawia huonekana kwa wakubwa na wadogo. Wageni hudhani kuwa wenye meno hayo hawapigi mswaki. Dhana hiyo si ya haki, na mlaji anayeiamini hupoteza fedha kwa dawa zisizoweza kumsaidia.

Aina mbili za madoa

Madoa ya nje huletwa na chai, kahawa, tumbaku na mirungi. Hayo hushika juu ya jino, na mengi huondoka daktari wa meno anapoyasafisha. Madoa ya ndani yamo katika jino lenyewe. Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, chanzo chake kikubwa ni madini ya floraidi, ambayo miamba ya volkano huyaachia katika maji ya ardhini.

Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huharibu tabaka gumu la nje wakati jino lingali likiumbwa ndani ya ufizi. Jino huota na michirizi myeupe, ambayo huweza kugeuka kahawia. Hali ikiwa mbaya, hupata vishimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa.

Miaka 8 ya kwanza

Meno ya ukubwani yanayoonekana mtu anapocheka huumbwa kabla mtoto hajatimiza miaka 8. Kinga ni ya wakati huo.

1. Uliza kipimo cha maji yako. Floraidi haina rangi wala harufu. Hujulikana kwa kupimwa tu. Waulize wasimamizi wa kisima au mamlaka ya maji.

2. Usitegemee kuchemsha. Moto huua vijidudu, bali floraidi hubaki, na maji yakipungua huzidi kukolea.

3. Mtengee mtoto maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo huchoka, hivyo ubadilishwe kwa wakati.

4. Punguza magadi. Baadhi yake yana floraidi nyingi. Loweka maharage na mahindi ya makande usiku kucha, nayo yataiva upesi.

5. Pima dawa ya meno. Mtoto wa chini ya miaka 3 atumie kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Afundishwe kuitema.

6. Mnyonyeshe mtoto. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana.

Kabla ya kununua dawa ya kung'arisha

Kusugua meno kwa mchanga, mkaa au ndimu hakuondoi doa la ndani, hulila jino. Muone kwanza daktari wa meno akutambulishe aina ya doa lako, na umwulize gharama kabla ya matibabu. Doa la ndani halifutiki kwa mswaki, lakini mtoto anayezaliwa leo katika nyumba hiyohiyo anaweza kukingwa nalo.