Redio ya zimamoto haishiki kwenye maegesho ya chini

SWALI: Nasimamia jengo la ghorofa 18 jijini Dar es Salaam, lenye maegesho ya ngazi mbili chini ya ardhi. Juzi zimamoto walikuja kufanya zoezi. Askari wawili waliposhuka maegesho ya chini kabisa, redio zao za upepo zilikwaruza mara mbili, kisha kimya. Kiongozi wao aliita weee, mwisho akatuma mtu kwa miguu kuwafuata. Nilipomweleza mwenye jengo, alinijibu kuwa simu zinashika ofisi zote, nisimtie gharama. Nifanyeje?
Msimamizi, Dar es Salaam

JIBU: Usinyamaze, mwanangu. Umeona shimo kabla mtu hajatumbukia.

Simu kushika ofisini hakuthibitishi lolote kuhusu redio ya zimamoto. Masafa yake ni mengine na mnara wake uko kwingine. Zege lenye nondo, udongo, na vioo vilivyopakwa madini ya kuzuia joto hunyonya au kurudisha mawimbi. Ndiyo maana redio inayosikika vizuri getini hufa kwenye ngazi na chumba cha pampu, huko huko askari anakopigania uhai.

Mkumbushe bosi wako ya New York. Baada ya bomu la mwaka 1993, jengo la World Trade Center liliwekewa mtambo wa kupokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya. Liliposhambuliwa tena Septemba 11, 2001, makamanda wa zimamoto katika mnara wake wa kaskazini waliujaribu, wakaona haufanyi kazi, wakauacha. Uchunguzi ulibaini kuwa kitufe kimoja hakikubonyezwa. Mnara wa kusini ulipoanguka saa 3:59 asubuhi, waliokuwa ndani ya ule wa kaskazini waliamriwa watoke. Baadhi walisikia, wengine amri haikuwafikia, kwa sababu kadhaa, redio ikiwa mojawapo. Dakika 29 baadaye nao ukaanguka. Siku hiyo walikufa zimamoto 343.

Sasa fanya hivi. Waombe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mpime pamoja, kwa redio zao. Igawe kila ghorofa vyumba 20 vya kufikirika, kama wafanyavyo Marekani, na katika kila kimoja mtu aite na aitwe. Kanuni za huko hutaka redio ishike asilimia 95 ya kila ghorofa, na asilimia 99 kwenye sehemu nyeti kama ngazi na chumba cha pampu. Paka rangi nyekundu kwenye ramani kila pasiposhika. Kazi hiyo ni ya siku moja, na ramani hiyo itamshawishi bosi kuliko maneno yako.

Tiba ni antena za ndani, au waya maalumu unaovujisha mawimbi njia nzima, pamoja na mtambo wa kuyakuza wenye betri yake, maana umeme hukatwa moto ukiwaka. Usinunue kikuzaji cha dukani ukakifunga kienyeji: kinaweza kuvuruga mawasiliano ya mji mzima. Masafa yana mwenyewe, Mamlaka ya Mawasiliano. Fundi awe na kibali, na zimamoto wakubali.

Wakati mkisubiri, weka simu ya waya kule chini, na mkabidhi kiongozi wa zimamoto ile ramani pale getini, ili apange watu wa kupokezana ujumbe kwenye ngazi.

Mtambo ukishafungwa, ita zoezi jingine. Shuka mwenyewe na wale askari hadi maegesho ya chini kabisa, kiongozi wao aseme neno moja tu: "Tokeni." Mkilisikia nyote, hapo ndipo uulipie.