Kubana si Kukakamaza: Istilahi za Springi katika Gari Lililoongezwa Mzigo

Wanaoshuku uwezo wa Kiswahili katika taaluma za kiufundi aghalabu hutaka waonyeshwe orodha ndefu ya maneno. Makala haya yanateua tatizo moja dogo la kimekanika na kuuliza iwapo lugha yetu yaweza kulieleza pasi na kumpotosha mtendaji. Tatizo lenyewe ni kurekebisha springi na shokomzoba za gari dogo la wazi la nyikani, lenye viti sambamba, usukani na fremu ya vyuma ya kuwakinga abiria, mfano wa Polaris RZR ya Marekani, baada ya kuongezwa mzigo.

Chukulia kwamba mwendeshaji anayejiandaa kwa safari ya jangwani huko Utah amefunga gurudumu la akiba, maji na vifaa, jumla kilo 60, juu ya magurudumu ya nyuma. Kila gurudumu la nyuma limeongezewa takriban nyutoni 300. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba springi huhitaji nyutoni 30 ili ibonyee milimita 1, na kwamba gurudumu likipanda milimita 2 springi hubonyea milimita 1. Kwa kanuni ya wenzo, springi itapokea nyutoni 600. Itabonyea milimita 20, nayo sehemu ya nyuma ya gari itashuka milimita 40.

Fundi atazungusha pete ya shokomzoba, aishushe milimita 20, na gari litarejea kimo chake cha awali. Kisha atasema, "Nimekaza springi." Hapa ndipo lugha inapoponza. Mwenye gari husikia kwamba springi imekuwa ngumu zaidi. La hasha! Bado hubonyea milimita 1 kwa kila nyutoni 30. Kilichoongezeka ni nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa ndani yake hata gurudumu likiwa linaning'inia.

Tunapendekeza basi istilahi mbili: mbano wa awali, unaobadilishwa kwa pete, na ukakamavu, usiobadilika ila kwa kufunga springi nyingine. (Wenzetu wa fasihi watanung'unika kwamba ukakamavu ni sifa ya wahusika, na wavumilie.) Ya tatu ni ufifishaji, kazi ya mafuta yanayosukumwa katika vitundu vya shokomzoba na kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Huu una pande mbili, wa kubonyea na wa kurejea. Springi kakamavu zaidi ikifungwa, ufifishaji wa kurejea sharti uongezwe, la sivyo gari litarushwa juu kila baada ya tuta. Skrubu izungushwe hatua moja moja, na kila mara gari lijaribiwe katika kipande kile kile cha njia.

Mzigo ukishushwa, pete nayo irudishwe. Isiporudishwa, gari husimama juu mno na kuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Isitoshe, kikomo cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho hujumuisha abiria, shehena na vifaa vilivyoongezwa, hakipandishwi na pete hata chembe. Lakini aliyeambiwa kwamba springi yake "imekazwa" huenda akaongeza mtungi mwingine wa maji.