Kuku wa kienyeji walioboreshwa: jogoo abadilishwe

Kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO Naivasha si GMO, ingawa wapo wanaowaita hivyo. Watafiti walichagua kuku wanaotaga sana na kukua haraka, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi. Hakuna jeni iliyopandikizwa maabarani.

Tabia ya kuatamia, hata hivyo, imepungua. Mfugaji wa Changamwe ayalaze mayai chini ya koo wa kienyeji wa kawaida, au atumie mashine ya kutotolea.

Jogoo naye asiachwe apande binti zake: vifaranga hutoka dhaifu, mayai hupungua. Wafugaji wa Chaani na Port Reitz wanaweza kubadilishana majogoo, mradi vifaranga wao hawakutoka kwa muuzaji mmoja, na jogoo awe amechanjwa dhidi ya kideri.