Dondoo muhimu: Kabla ya kuuliza kuhusu kompyuta nzito

Mkazi wa Tarime au Mugumu anayetafuta ushauri kwa fundi wa Mwanza au kwenye kundi la WhatsApp ataje aina ya mashine, prosesa, RAM, diski na bajeti yake. “Kompyuta yangu ni nzito” haimsaidii fundi.

Kwenye Windows, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha apige picha ya matumizi ya prosesa, RAM na diski yatakayoonekana. Diski ya zamani ikisoma asilimia 100 muda wote, mara nyingi dawa ya kwanza ni SSD, si prosesa mpya.

RAM ndiyo yenye mtego: pengo la DDR3 halikai sawa na la DDR4, hivyo haziingiliani. Afungue mfuniko, asome lebo, ndipo atume fedha Kariakoo.

Aulize pia kama mashine inakubali Windows 11. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025.